Doa kwenye ini: tazama ini kwanza, uvimbe baadaye

Mstari wenyewe kwenye ripoti ya ultrasaundi huwa mfupi. "Uvimbe upande wa kulia wa ini, sentimita 4, saratani ifikiriwe." Mgonjwa anaikunja karatasi pamoja na picha, anaitia kwenye bahasha ya kaki, na kabla hajafika Ngamiani ukoo mzima umeshapigiwa simu. Jioni mmoja anazungumzia kuuza minazi, mwingine anamjua mtu wa dawa huko Mkinga, na mwenye ini lake hajaulizwa hata kama anasikia maumivu.

Napiga ultrasaundi hapa Tanga, huu mwaka wa 17. Mistari ya namna hiyo nimeiandika kwa mkono wangu, na mmoja niliuandika vibaya, nitausema mbele. Haya ninayoyaandika ni ya mgonjwa na ya yule ndugu anayeshika bahasha, ingawa afisa tabibu aliye peke yake kwenye kituo cha afya naye ana la kuokota humu. Daktari wako anabaki kuwa daktari wako. Hapa utapata cha kumuuliza, na kwa mpangilio gani.

Kijana mmoja alinifuata nje baada ya kipimo. Mama yake alikuwa kwenye benchi, kajitanda kanga mpaka usoni.

"Shikamoo mama. Niambie kweli, ndio ugonjwa wenyewe?"

"Marahaba mwanangu. Mimi nimeona doa, jina lake sijaliona. Mama ameshapimwa homa ya ini?"

"Bado."

"Basi anzieni hapo."

Alidhani namkwepa. Sikumkwepa. Doa la ini halisomwi peke yake: doa lile lile, ukubwa ule ule, ndani ya ini zima, lisilo na ugonjwa, la mama wa miaka 38 mara nyingi ni kitu kisichomuua mtu, na ndani ya ini la mtu aliyeishi na homa ya ini B miaka 20 inabidi tulichukulie kuwa saratani mpaka vipimo vikatae. Watu wanarukia doa. Ini lenyewe ndilo la kwanza.

Hatua ya 1: Jua ini lenyewe likoje

Kabla ya picha ya pili, damu. Na katika damu, homa ya ini B ndiyo ya kwanza. Kirusi chake hukaa mwilini miaka mingi bila kelele, na kinaweza kuleta saratani hata kwenye ini ambalo halijasinyaa, jambo ambalo visababishi vingine hulifanya kwa nadra. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga hapa nchini mwaka 2002, kwa hiyo baba wa miaka 50 unayemsindikiza hakuipata utotoni. Pimeni na homa ya ini C, na VVU, maana VVU hubadilisha orodha nzima ya vitu tunavyovifikiria.

Kisha vipimo vinavyoonyesha ini linafanyaje kazi yake: bilirubini, albumini, vimeng'enya vya ini, idadi ya chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), na muda wa damu kuganda. Chembe sahani zikiwa chache, wengu ukiwa mkubwa, na kingo za ini zikionekana na manundu badala ya kuwa laini, hilo ni ini lenye makovu. Doa kwenye ini la namna hiyo halisubiri mwezi ujao.

Ulizaneni pia kuhusu chakula. Sumu kuvu, ile inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga, huharibu ini polepole, na ikikutana na homa ya ini B hatari ya saratani hupanda maradufu na zaidi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 Dodoma na Manyara kwa mkupuo mmoja, lakini wengi wanaoila hawaugui siku hiyo. Wanaila kidogo kidogo, kila mwaka, kwenye ugali.

AFP, kipimo cha damu cha protini ambayo saratani ya ini inaweza kuipandisha, ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Watu wananiletea majibu yake kama hati ya mahakama. Ikipita nanogramu 400 kwa mililita, na kuna uvimbe, na ini ni bovu, hapo kweli inasema jambo zito. Ikiwa 30 au 60, inaweza kuwa ini limevimba tu kwa virusi, au mwanamke ni mjamzito. Ikiwa ya kawaida, haijamfungua mtu: saratani ndogo nyingi za ini hazipandishi AFP kabisa.

Mwisho wa hatua hii ni maswali ambayo hayana gharama. Homa je? Kuhara damu miezi ya karibuni? Uzito umepungua? Mama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, na kwa miaka mingapi? Kijana anadunga au kumeza dawa za kujaza misuli? Mnazi, gongo, bia? Mtu huyu aliwahi kutibiwa uvimbe wa titi au wa utumbo mpana? Hili la mwisho usilipite haraka. Karibu damu yote inayotoka utumboni hupitia kwenye ini kama mizigo inavyopitia bandarini, na saratani ya kwingine hupenda kushuka hapo. Kwa mtu ambaye ini lake halina makovu, saratani inayokutwa kwenye ini aghalabu imetoka mahali pengine.

Na mitishamba itajwe. Najua kwa nini haitajwi: watu wameshagombezwa. Lakini kuna dawa za miti zinazopandisha vimeng'enya vya ini, na daktari asiyejua atatafuta ugonjwa usiokuwepo. Sema jina lake kama unalijua, na siku ulizoinywa.

Hatua ya 2: Rudia ultrasaundi, tumbo likiwa tupu

Mtu ametoka Pangani alfajiri, akapita mgahawani akala maharage na chapati, saa nne yuko kitandani kwangu. Ninachokiona ni gesi. Usile kwa saa 6 hadi 8. Maji kidogo hayana neno, na dawa za presha meza kama kawaida.

Mwombe anayepima aangalie na kuandika mambo haya, maana ripoti isiyoyataja haimsaidii daktari wa mbele: doa ni jeusi, jeupe au la kijivu, limejaa maji au ni nyama, ni moja au ni mengi, kingo zake ni safi au zimechanika, liko sehemu gani ya ini, na ini linalolizunguka likoje.

Kuna mawili ninayoweza kuyatambua kwa karibu pale pale. La kwanza ni kifuko cha maji tu: cheusi tii, ukuta mwembamba kama wa kitunguu, na nyuma yake picha inang'aa. Hicho ni cha kumwacha mtu aende zake. La pili ni mafuta. Ini lenye mafuta halipakwi sawasawa; hubaki kipande kisicho na mafuta karibu na nyongo, au kipande chenye mafuta zaidi mbele, na kwenye kioo kinaonekana kama uvimbe hasa. Namna ya kukijua ni kufuata mishipa ya damu. Uvimbe wa kweli husukuma mshipa, huupinda au huubana. Mafuta hayasukumi kitu: mshipa unaingia upande huu na kutokea upande wa pili umenyooka vilevile, kama njia ya miguu inayopita katikati ya shamba la mihogo na kuingia la mahindi bila kujua mpaka uko wapi.

Sasa kosa langu. Mvuvi, miaka 40 hivi, alikuja kashika ubavu wa kulia, hawezi kuvuta pumzi mpaka mwisho. Nikaona uvimbe wa sentimita 8, wa kijivu, kingo hazieleweki, nikaandika saratani. Sikumgusa paji la uso. Angekuwa wa moto, maana alikuwa na homa wiki ya pili. Wakampeleka nyumbani wakauza mashine ya mtumbwi. Aliyemwokoa ni afisa tabibu kijana aliyemuuliza swali moja kuhusu choo, akaambiwa mwezi uliopita alihara damu. Akamwanzishia metronidazo. Siku ya tatu homa ikakatika, na mtu akaomba chakula.

Lilikuwa jipu la amiba. Kwetu huku si la nadra hata kidogo, na ndilo linaloonewa zaidi kwa jina la saratani. Linapokuwa changa, kabla halijaiva likawa usaha, kwenye ultrasaundi linafanana na nyama. Likivutwa kwa sindano hutoka kitu cha rangi ya uji wa ulezi mzito, na aghalabu hakinuki. Hupenda wanaume vijana na wa makamo, upande wa kulia, na macho mara nyingi hayawi ya njano. Baada ya dawa ya kwanza inafuata dawa nyingine ya kusafisha amiba waliobaki utumboni. Wengi wakipona homa wanaiacha hiyo ya pili, nalo jipu linaweza kurudi. Na jueni kwamba shimo lake hubaki kwenye picha miezi kadhaa baada ya mtu kupona. Nimeona mtu mzima wa afya akirudishiwa hofu upya kwa sababu ya kovu la jipu lililokwisha pona.

Tangu siku ile swali la homa nauliza kabla sijapaka jeli.

Hatua ya 3: Siti skani, lakini ya awamu

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mtu anachanga, anapigwa siti skani, inarudi imeandikwa "uvimbe kwenye ini", yaani kile kile alichokwenda nacho. Sababu mara nyingi ni moja: picha ilipigwa mara moja tu, au bila dawa ya mshipani.

Ini lina desturi yake ya pekee: hupokea damu kwa njia mbili. Kiasi cha robo huja kwa ateri, na robo tatu huja kwa mshipa mkubwa unaotoka utumboni. Dawa ya kontrasti ikidungwa mkononi, hufika kwanza kwa njia ya ateri, baadaye kwa ile ya pili, kisha hutoka taratibu. Kila uvimbe unakunywa kwa namna yake, na ni namna hiyo ya kunywa inayotupa jina. Kwa hiyo ini hupigwa picha mara nne: kabla ya dawa, sekunde 35 hivi baada ya dawa, sekunde 70 hivi, na tena baada ya dakika 3 hadi 5. Ukiwa na picha ya sekunde 70 peke yake, umeingia sinema katikati ukatoka kabla ya mwisho.

Mwombe daktari aandike kwenye fomu maneno ya namna hii: "Ini, awamu nne. Mwanamke, miaka 38, homa ya ini B na C hana, AFP ya kawaida, uvimbe mweupe wa sentimita 4 kwenye ultrasaundi. Je, ni hemanjioma?" Hemanjioma nitaieleza hatua ya 4. Fomu iliyoandikwa "maumivu ya tumbo" itajibiwa kama maumivu ya tumbo.

Kabla ya kwenda: kipimo cha kreatinini cha figo, sema kama uliwahi kupata mzio wa dawa ya picha, sema kama una pumu, kama unatumia metformini ya kisukari, kama una mimba au unadhani unayo. Dawa ikiingia utahisi joto linashuka mwilini mpaka chini, kama umejikojolea. Hujajikojolea. Tulia, usijitikise, maana wakati huo huo mashine inakwambia ubane pumzi.

Ukimaliza, omba CD yenye picha zote. Filamu moja iliyojaa vipicha vidogo kama stempu haitoshi kwa bingwa atakayeangalia hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita 350 hivi. Ni mbali kuifuata CD uliyoiacha mezani.

MRI nayo ina nafasi yake, hasa pale siti skani ilipojikwaa. Kuna kontrasti ya MRI inayoingia ndani ya seli hai za ini na kutokea kwenye nyongo. Baada ya dakika 20 uvimbe uliotengenezwa kwa seli za ini zilizo sawa huibakisha, na mwingi wa aina nyingine huiacha. Si kila mashine ina dawa hiyo, kwa hiyo ulizeni kwa simu kwanza.

Hatua ya 4: Yajue yanayofanana na saratani

Hemanjioma ndiyo kubwa lao kwa wingi. Ni fundo la mishipa midogo ya damu, watu kadhaa katika kila 100 wanalo, wanawake zaidi, na wengi watazikwa uzeeni nalo bila kulijua. Kwenye ultrasaundi ni jeupe, la mviringo, kingo safi. Kwenye siti skani hunywa kuanzia pembezoni: matone ya mwanga yanajitokeza kwenye ukingo, kisha yanasogea ndani, mpaka dakika ya tano limejaa au karibu kujaa. Aliyesimama ufukweni bamvua linapoingia mikokoni ameshaiona picha hiyo. Maji hayaanzi katikati, yanakuja kwa vijito vya pembeni na tope la kati ndilo la mwisho kufunikwa. Likijaa hivyo, kazi imekwisha. Halitibiwi, halikatwi, na halichomwi sindano bila sababu, kwa kuwa linaweza kutoa damu. Hemanjioma ya zamani iliyokauka na kuwa kovu ndiyo inayosumbua. Hiyo hainywi vizuri, na mara nyingi huishia kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara.

Saratani yenyewe ya ini, ile inayotokana na homa ya ini na makovu, hunywa kwa ateri. Huwaka mapema, huzima mapema: inang'aa sekunde ya 35, na kwenye picha za baadaye imekuwa nyeusi kuliko ini linaloizunguka. Kwenye ini lenye makovu au homa ya ini B, picha hiyo inaweza kutosha kuiita saratani bila hata kinyama. Lakini kanuni hiyo ni ya maini hayo tu. Kwenye ini zima, kuwaka na kuzima kunaweza kufanywa na vitu vingine kadhaa visivyo saratani. Ndiyo maana nilimwambia yule kijana aanzie kwenye damu ya mama yake. Bila majibu hayo, hata picha nzuri inasomwa nusu.

Kuna fundo la seli za ini za kawaida lililokaa vibaya tu. Wataalamu huliita FNH. Ni la wanawake wa miaka 20 hadi 50 zaidi. Huwaka lote kwa pamoja mapema, kisha linajificha, rangi moja na ini, na katikati lina kovu lenye matawi kama spoki za baiskeli, kovu ambalo hung'aa mwishoni. Haliwi saratani. Adenoma ni ndugu yake wa sura, lakini si wa tabia: hii inahusiana na vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, unene, na dawa za misuli. Ikizidi sentimita 5 inaweza kupasuka na kumwaga damu tumboni, na aina zake chache hugeuka saratani. Mwanamke huambiwa aache vidonge, atumie njia nyingine, apimwe tena baada ya miezi 6, nyingi husinyaa. Mwanaume mwenye adenoma hupelekwa kwa mpasuaji hata ikiwa ndogo, kwa kuwa kwake hugeuka kwa urahisi zaidi.

Baada ya hapo tunaingia kwa wale wa nadra hasa. Vijivimbe vya mirija ya nyongo: vidogo, chini ya sentimita moja na nusu, vimetapakaa kila mahali kwenye ini kama nyota. Mama aliyetibiwa saratani ya titi akionekana navyo, anaambiwa imesambaa. MRI huvionyesha ving'avu kama maji, kila kimoja na ukingo wake, navyo havikui. Kuna uvimbe wa mchanganyiko wa mafuta, misuli na mishipa, uitwao anjiomiolipoma; mafuta yake yanaonekana, tatizo ni kwamba baadhi ya saratani za ini nazo zina mafuta. Kuna kinundu kilichokufa ndani, kisichonywa dawa awamu yoyote. Kuna mkusanyiko wa seli za kinga, wa wanawake wa makamo wenye magonjwa ya kinga kujishambulia, ambao huwaka na kuzima sawasawa na saratani; wengi wao walitambuliwa baada ya kukatwa.

Na kuna ule unaonivutia kuliko wote, uvimbe bandia wa mchochota, yaani mwili unapovimba kwa kujikinga. Mgonjwa ana homa, amekonda, ubavu unauma, kipimo cha mchochota kimepanda, na picha inaonyesha kitu kibaya kingo zake zimechanika. Kila dalili inasema saratani ya mirija ya nyongo. Kumbe ni ini limevimba kwa hasira tu, pengine baada ya maambukizi, na baadhi husinyaa zenyewe au kwa antibiotiki, baadhi kwa dawa za steroidi. Lakini asipewe mtu steroidi kwa kubahatisha. Steroidi huamsha kifua kikuu, huamsha homa ya ini B, humpa amiba nguvu. Kwanza kinyama, na kinyama hicho kitafutiwe pia kifua kikuu, ambacho nacho kinaweza kujificha kwenye ini kama uvimbe, hasa kwa mtu mwenye VVU.

Hatua ya 5: Kinyama, pale tu kinapobadilisha uamuzi

Ndugu wengi hutaka kinyama siku ya kwanza, ati tujue moja. Wengine hukikataa katakata kwa kuwa wamesikia "ukichokoa inasambaa". Wote wana chembe ya ukweli. Sindano kweli inaweza kubeba seli za saratani kwenye njia yake; hutokea kwa wachache, kati ya wawili na watatu katika 100. Kwa hiyo ikiwa uvimbe unaweza kukatwa na picha zinasema wazi, mpasuaji anaweza kuamua kuukata bila kuuchoma. Ikiwa picha zinasema hemanjioma, hakuna haja. Kama kuna uwezekano wa kifuko cha minyoo ya mbwa, sindano haiingii ovyo, maana maji yake yakimwagika yanaweza kuleta mzio mkali.

Lakini picha zikigongana na damu, mfano ini zima, AFP ya kawaida, na uvimbe unaowaka na kuzima, hapo kinyama ndicho kinachoamua. Kiwe kipande kinachotolewa kwa sindano nene chini ya ultrasaundi au siti skani. Sindano nyembamba hutoa seli zilizotawanyika, na kwa adenoma na FNH seli peke yake hazisemi kitu. Zote mbili ni seli za ini. Anayesoma anahitaji kuona zimepangwaje.

Kabla yake, damu igande vizuri na chembe sahani zisiwe chini ya 50,000. Baada yake unalala kwa upande wa kulia, saa kadhaa, ukipimwa presha. Maumivu kidogo kwenye bega la kulia ni ya kawaida. Kizunguzungu, jasho baridi na tumbo kukaza si ya kawaida, paza sauti.

Halafu kichupa. Mara nyingi anayekibeba hadi maabara ni ndugu, na nimeona kinyama kimewekwa kwenye maji ya dripu, kimewekwa kwenye spiriti, kimeviringishwa kwenye pamba kavu. Kikifika kimeoza au kimekauka, mgonjwa anachomwa upya. Kinyama cha patholojia hukaa kwenye fomalini, na fomalini iwe mara 10 ya ujazo wake. Jina liwe kwenye kichupa chenyewe, kifuniko hubadilishwa. Fomu iwe na majibu ya homa ya ini, AFP, na maneno ya siti skani. Anayeangalia kwenye hadubini asiyejua kama ini lilikuwa zima au bovu amefungwa jicho moja. Kipande cha kupima kifua kikuu kwa kuotesha, hicho hakiingii fomalini, kiwe kwenye kichupa chake.

Hatua ya 6: Kufuatilia

Uvimbe usio na jina kamili lakini usiotisha hupimwa tena baada ya miezi 3, kisha 6, kisha mwaka. Ikiwezekana apime mtu yule yule, aupime kwenye kona ile ile. Tofauti ya nusu sentimita mara nyingi ni mkono wa mpimaji. Mwenye homa ya ini B anapimwa ultrasaundi kila miezi 6 hata doa lake likishapewa jina jema, kwa sababu ini lake linaweza kuotesha jingine.

Usisubiri tarehe ukiona maumivu makali ya ghafla na kizunguzungu, macho ya njano, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au homa isiyoshuka. Hiyo ni dharura, nenda Bombo au hospitali iliyo karibu usiku huo huo.

Tunzeni karatasi. Yule mama wa kanga, homa ya ini hakuwa nayo, siti skani ya awamu ikaonyesha doa linajaa kutoka pembeni, hemanjioma safi. Baada ya miezi 6 akaja kupima tena, mchangamfu, na mwanawe akanitolea picha za kwanza kwa fahari: alizipeleka laminesheni zisiharibike. Zilikuwa nyeusi tupu. Karatasi ya ultrasaundi huchapwa kwa joto, na joto la mashine ya laminesheni liliichapa yote. Hata jua la dirishani huifanya hivyo polepole. Zipigeni picha kwa simu siku ile ile mnayopewa, kisha zikae kwenye bahasha, mbali na jua.